Nani Ameutia Dawa Ufuta Wetu

Benchi liko nje ya kibanda changu cha kutengeneza mizani, likitazamana na mlango wa ghala la kikundi chetu cha ufuta. Nililiunda mwenyewe, ubao mmoja mrefu juu ya vyuma viwili vya mizani iliyokufa. Nia yangu ilikuwa wateja wakae hapo wakisubiri kazi zao, lakini wateja ni wachache na wakaaji ni walewale. Yupo Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku. Alifagia mahakama miaka kumi na tisa akatoka na maneno yao yote. Yupo Redio, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajulikani anazimiwa wapi. Yupo Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutukosoa bila malipo ya ziada. Na mimi, wanayeniita Fundi. Sote wanne tunalima ufuta, na sote tumo kwenye kikundi cha kilimo hai. Hatutii mbolea ya viwandani, hatupulizi dawa shambani, na ndiyo maana ufuta wetu una cheti na wanunuzi wa mbali. Siku ninayoisimulia, saa mbili asubuhi, tulikuta barua imebandikwa kwenye mlango wa ghala.

Redio ndiye aliyetusomea.

Redio: "Sampuli ya mzigo wenu imekutwa na masalia ya dawa ya kuua wadudu." Halafu kuna jina la dawa, refu, halitamkiki. "Kwa mujibu wa kanuni mpya, kikundi kizima kinasimamishwa kuuza kwa cheti mpaka chanzo kijulikane. Mkaguzi atafika leo mchana."

Mama Birika: Kikundi kizima? Si alikuwa anatolewa aliyekosa, wengine mnaendelea?

Redio: Hiyo ni zamani. Sasa hivi akikosa mmoja tunafungiwa wote sitini na wawili.

Hakimu: Endelea. Kuna mwandiko wa kalamu hapo chini.

Redio: Huo ni wa Mwenyekiti. "Anayemjua mhusika alete jina ofisini kabla ya saa sita. Mkutano wa wote saa kumi."

Tukarudi kwenye benchi. Mama Birika akamimina vikombe bila kuulizwa. Nitasema ukweli wangu. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni ule unga wa kuulia siafu ulio chini ya meza yangu ya kazi, na niliingia nikausukuma kwa kisigino mpaka nyuma kabisa. Baadaye nilikuja kujua kwamba Mama Birika naye alikuwa anawaza poda ya viroboto wa kuku, na Hakimu dawa ya kunguni. Kila mmoja alikuwa na kikopo chake nyumbani, na kila mmoja alitaka jina litakalofika kwa Mwenyekiti liwe la mwingine.

Redio: Mimi nasema ni lori. Nimeendesha malori miaka thelathini. Leo unabeba ufuta, jana ulibeba dawa ya pamba, na katikati hapo hakuna aliyefagia.

Mama Birika: Lori lilioshwa. Katibu alisimama na daftari akaandika mpaka saa ya kuoshwa. Ndoo waliyotumia ni yangu.

Redio: Basi magunia.

Mimi: Magunia yalikuja mapya, yamefungwa. Niliyahesabu mwenyewe.

Redio: Mapya kwa macho yako, Fundi. Gunia halina cheti cha kuzaliwa.

Hakimu: Huo si ushahidi.

Redio: Haya, mnunuzi je? Mlimwona yule kijana wake aliyechukua sampuli? Alivaa glavu. Mtu mwenye nia safi anashika ufuta kwa glavu kwa nini?

Mama Birika: Kanuni inataka glavu.

Redio: Na kanuni aliiandika nani? Si watu wake haohao? Na ile ndege ndogo ya mwezi wa tatu, ilipita mara mbili juu ya mashamba. Nilisema siku ile, mkacheka.

Mimi: Walisema inapiga picha.

Redio: Picha ya nini? Ufuta una sura gani ya kupigwa picha?

Mama Birika: Mnahangaika na ndege wakati mwenye nyanya yuko ng'ambo ya mto. Yule anapuliza asubuhi na jioni. Dawa inavuka.

Hakimu: Tuliacha ukanda wa hatua ishirini, tukapanda na majani marefu. Upepo hauvuki pale.

Mama Birika: Upepo hauvuki, nyuki wanavuka. Wanakanyaga maua yake yenye dawa, wanakuja kujipangusa miguu kwenye maua yetu. Nimewaona.

Hakimu: Umeona nyuki anajipangusa miguu?

Mama Birika: Nimemwona anatua. Sasa anatua kufanya nini tena?

Hakimu aliweka kikombe chini. Mimi namjua, akiweka kikombe chini kabla hakijaisha ujue amefika alikokuwa anaelekea tangu mwanzo.

Hakimu: Tushuke kutoka hewani. Nyuki haitwi shaurini, na ndege imeshaondoka. Nauliza jambo la nyumbani kwetu. Watu wa afya walipopita na mabomba yao nyumba kwa nyumba, wakipuliza dawa ya mbu, nani alisimama mlangoni akawazuia?

Sote tulijua. Ni Shemeji.

Shemeji si mtu wa hapa. Alikuja miaka tisa iliyopita kwa kumwoa binti wa mjomba wake Redio, na kwa sababu mke wake ni dada yetu sote kwa njia moja au nyingine, tukamwita Shemeji, likawa ndilo jina. Analima shamba la mkewe. Ni mpole, hana maneno, hakai benchini. Kwa kweli hatukuwahi kumwambia akae. Nikajua pia kwa nini Redio alikuwa anatuzungusha kwenye malori na ndege tangu asubuhi. Aliona mapema Hakimu anakoelekea.

Redio: Mtu ana haki ya kufunga mlango wake.

Hakimu: Anayo. Na mimi nina haki ya kujiuliza ndani kulikuwa na nini. Mtu anayekataa watu wa serikali wasiingie chumbani, chumbani kuna kitu.

Mama Birika: Halafu anaanika ufuta wake peke yake. Sisi tunaanika uwanjani pamoja, yeye amejenga kichanja nyuma ya nyumba, juu kama kitanda cha hospitali.

Mimi: Aliwahi kuninyima ungo. Alisema kila mtu atumie wake.

Nilisema hivyo, na bado nakumbuka jinsi nilivyofurahi kuwa na kitu cha kuchangia.

Hakimu: Umeona? Na kwenye mikutano, nani anauliza maswali kuliko wote? Anataka kujua dawa gani zimekatazwa. Majina yake, moja moja. Mtu asiyetumia dawa majina anayatakia nini?

Mama Birika: Hata mkewe siku hizi hapiti hapa.

Redio: Mtoto wao alikuwa anaumwa. Ndiyo maana hapiti.

Hakimu: Redio, simsemi dada yako. Nasema kuna watu sitini na wawili, na kuna saa sita. Tukikaa kimya, tunalala njaa kwa ajili ya mmoja. Au unataka tuandike jina lako?

Hakimu akatoa karatasi mfukoni, akailaza juu ya ubao, akaandika kwa mwandiko wake wa mahakamani: "Sisi wanachama tuliotia saini hapa chini, tunayo sababu ya kuamini kwamba mhusika ni..." Kalamu ikasimama.

Hakimu: Anaitwa nani hasa?

Tukatazamana. Kwenye daftari la kikundi limeandikwa jina la mkewe, kwa kuwa shamba ni lake. Redio, ambaye alikula pilau ya harusi yao, alisema anakumbuka jina linaanza na herufi ya S, halafu akasema hapana, hiyo ni ya Shemeji.

Hakimu akaandika: "Shemeji, wa nyumba yenye kichanja." Akatia saini. Mimi nikatia. Redio alishika kalamu muda mrefu, kisha akatia saini ndogo kabisa, pembeni.

Mama Birika: Mimi leo sijui kuandika.

Hakimu: Jana uliandika orodha ya wadaiwa wako wote.

Mama Birika: Jana ilikuwa jana.

Hakutia saini. Lakini hakutuzuia pia, na hilo aliniambia mwenyewe baadaye bila mimi kumuuliza.

Karatasi ilifika kwa Mwenyekiti saa tano na nusu. Saa sita na kitu, watu wawili wa kamati walikwenda kwa Shemeji. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwenye kona, na ukikaa benchini unaiona. Tuliona wakiingia. Tuliona magunia yakitoka moja moja, yakiburutwa mpaka uani, kumi na moja. Wakayafungua midomo yote, wakaingiza mikono, wakanusa. Mkewe alisimama mlangoni amejishika kiuno. Binti yao wa miaka sita, aliyetoka kwenye malaria, miguu imebaki kama vijiti, alikuwa ameushika upindo wa gauni la mama yake. Shemeji alikuwa amebeba kile kitabu cha kanuni tulichogawiwa kwenye semina, amekifungua ukurasa fulani, anawafuata watu wa kamati huku na huku akiwaonyesha. Hawakukitazama.

Redio: Mbona hawamsikilizi?

Hakimu: Atasikilizwa saa kumi. Kila mtu ana haki ya kusikilizwa.

Lakini sauti yake haikuwa ile ya asubuhi.

Saa saba na nusu akaja mwanamke mmoja kwa miguu, mfuko begani, viatu vimejaa vumbi mpaka kwenye kamba. Akaligonga lango la ghala, akalikuta limefungwa, akavuka barabara na kuja kwetu. Alisalimia vizuri, akaomba kahawa, akakaa mwisho wa benchi.

Mama Birika: Karibu, mama. Unatafuta nani?

Mwanamke: Katibu. Mimi ni mkaguzi.

Tulitazamana. Mkaguzi tuliyemngoja kichwani mwetu alikuwa mwanamume mwenye gari.

Hakimu: Una kitambulisho?

Alikitoa. Hakimu akakisoma mbele na nyuma, akampa Redio, Redio akanipa mimi, nikakirudisha. Hakuudhika. Alikunywa funda moja akaomba tumwonyeshe barua, kwa sababu alisema nakala yake imefutika kwa mvua. Redio akaenda kuibandua mlangoni.

Mkaguzi aliisoma polepole. Alipofika kwenye lile jina refu la dawa alilitamka moja kwa moja, kama mtu anayetaja jina la jirani.

Mkaguzi: Hii si dawa ya shambani.

Hakimu: Una maana gani?

Mkaguzi: Hakuna mkulima anayeipuliza kwenye ufuta. Hii inapulizwa ukutani, ndani ya nyumba, kuua mbu. Inakaa kwenye ukuta miezi. Ufuta una mafuta, ukiuegemeza hapo unaivuta.

Aligeuka akatutazama. Hakuwa anatutega, nina hakika. Alikuwa anauliza tu kazi yake.

Mkaguzi: Mkishavuna, kabla ya kuleta ghalani, ufuta mnauweka wapi?

Mimi: Chumbani. Chini ya kitanda, pembeni ya ukuta. Nje unaibiwa.

Mkaguzi: Nyote?

Mimi: Sote. Ghala linafunguliwa wiki za kununua tu.

Mkaguzi: Na nyumba zilizopulizwa ni zipi?

Redio alikuwa bado amesimama, barua mkononi. Mama Birika alikuwa anafuta kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu.

Hakimu: Zote, mama. Isipokuwa moja.

Mkaguzi: Ipi?

Hakimu alinyoosha mkono kuelekea kona. Kule uani magunia yalikuwa bado wazi, na kuku wawili wameshafika.

Nilimfuata mkaguzi kwa Shemeji. Si kwa kutumwa. Miguu ilikwenda yenyewe. Shemeji alimwamkia, akampa kiti, akamfungulia ukurasa uleule.

Shemeji: Walipokuja wapulizaji nilimuuliza msimamizi wao jina la dawa. Akaniandikia kiganjani. Nikalitafuta humu, nikalikuta kwenye orodha ya zilizokatazwa. Nilikuwa na magunia kumi na moja chumbani. Nikamwomba wanipe wiki moja niyatoe, ndipo wapulize. Alisema wakiondoka hawarudi mpaka msimu mwingine.

Mkaguzi: Ulimwambia nani?

Shemeji: Nilikwenda kwa Katibu kuomba ghala. Akasema si wiki ya kununua. Nikasimama kwenye mkutano nikauliza. Fundi hapa alikuwepo.

Nilikuwepo. Nakumbuka tulipiga makofi ya taratibu ili akae chini, tupate kufunga mkutano.

Mkaguzi: Kwa hiyo hukupulizwa.

Shemeji: Sikupulizwa. Wiki ya tano binti yangu akaanguka.

Alilisema hilo bila kumwangalia mtu. Mkewe aliingia ndani.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alifungua kwa kusema kwamba mhusika ameshapatikana kwa juhudi za wanachama waaminifu. Mkaguzi aliomba kusema. Akaeleza habari ya dawa, ya ukuta, ya ufuta na mafuta yake. Akasema hakuna mhusika mmoja, na hakuna aliyekosa kwa nia, lakini kanuni haipimi nia, inapima ufuta. Cheti kitasimama msimu huu wote. Ghala nalo alikuwa amelikagua. Kumbe lilipulizwa siku ileile ya nyumba, kwa sababu mlinzi analala humo, na halitatumika mpaka kuta zioshwe na kupimwa upya. Kisha akasoma jina, majina matatu kamili, akasema huyu ndiye mkulima pekee ambaye ufuta wake anaweza kuuandikia kwamba ni safi. Watu wakageuka huku na huku kumtafuta mwenye jina. Shemeji ndiye aliyesimama.

Mtu mmoja nyuma: Basi wake yeye utauzwa?

Mkaguzi: Mnunuzi haleti lori kwa magunia kumi na moja. Utakwenda na wenu, bila cheti.

Mwenyekiti alitaka kufunga. Hakimu akasimama. Nilitegemea aanze na maneno yake ya mahakamani, lakini hakuwa nayo.

Hakimu: Ile karatasi niliiandika mimi. Sikuona kitu. Niliogopa tu. Nyumbani nina dawa ya kunguni, nikaogopa itafutwe kwangu.

Mimi nikasimama nikasema na saini ya pili ni yangu, na nina unga wa siafu. Sikuwa na zaidi ya hayo. Mama mmoja mbele akasema na yeye anayo ya mende. Redio hatukumwona ukumbini. Tulipotoka tulimkuta uani kwa shemeji yake, ameshafukuza kuku, anashona midomo ya magunia kwa sindano kubwa, na dada yake amemshikia uzi.

Asubuhi iliyofuata benchi lilikuwa na watu walewale na maneno machache. Redio alijaribu kusema kwamba wapulizaji wenyewe huenda walitumwa na mwenye nyanya. Mama Birika alimwangalia, naye akaacha.

Shemeji akapita, jembe begani. Hakimu akamwita, si kwa jina la Shemeji, bali kwa lile la kwanza kati ya matatu tuliyoyasikia ukumbini, na akalikosea kidogo. Shemeji akamrekebisha. Hakimu akalirudia sawasawa, akasogea, sote tukasogea, ikapatikana nafasi katikati. Shemeji akaegemeza jembe ukutani, akakaa. Mama Birika akampa kikombe.

Hakimu: Jana tulikukosea. Sina namna nyingine ya kulisema.

Shemeji: Nimesikia.

Hakusema amesamehe. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akaangalia kilichomo.

Shemeji: Nilikuwa nataka kuwauliza kitu. Nyinyi mnakaa hapa kila siku, mnazungumza, mnajua mambo.

Redio: Uliza, ndugu yangu.

Shemeji: Wapulizaji wanarudi mwezi wa kumi. Ufuta mpya utakuwa ndani, ghala limefungwa, nje unaibiwa. Binti yangu alilala siku tisa na homa, siku ya saba hakunijua. Wakigonga mlango, niwafungulie au nisiwafungulie?

Mama Birika alinitazama mimi, nami nikamtazama Redio, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na kituo hata kimoja. Shemeji alikuwa anatupitia usoni mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu anayeamini kwamba watu wenye maneno mengi namna hii hawawezi kukosa jibu.